Uunge kompyuta mwenyewe au ununue ya ofisini? Anza kuangalia pawa saplai

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani nina mashine mbili. Hii ya kushoto ni Dell OptiPlex 7060, ile ndefu ya kusimama, ilikuwa ya ofisi huko nje ikaja na mzigo wa mtumba. Ya kulia imeungwa kipande kwa kipande: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 5600G, mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, ya B550, na kasha la kawaida tu. Na swali ni lile lile mnaloniuliza kila siku: ninunue iliyo tayari, au niunge mwenyewe?

Jibu nalitoa sasa hivi, mwenye haraka aondoke nalo. Kama kazi zako ni za ofisi, masomo, kuhariri picha, video fupi na gemu nyepesi, chukua ya ofisini, mradi prosesa yake ya Intel iwe ya kizazi cha nane kwenda juu (kizazi nitawaonyesha mbele namna ya kukisoma) na kasha liwe lile refu. Kama unajua kabisa kwamba mbele ya safari utataka kadi kubwa ya michoro kwa gemu nzito, unga, hata kama utaanza na vichache. Na kinachoamua hapo si prosesa jamani, ni pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha mashine umeme.

Sogea na kamera hapa, nifungue hii Dell. Mnaona huu waya unaoingia kwenye mazabodi? Kompyuta ya kawaida ina plagi pana ya pini 24. Hapa kuna kaplagi ka pini 6 basi. Hata umeme wa diski ya kuhifadhia mafaili hautoki kwenye pawa saplai, unatoka kwenye mazabodi yenyewe. Stika inasema wati 260, na ukitafuta waya wa kulisha kadi ya michoro humu ndani, haumo.

Maana yake ni kwamba kadi utakayoweka humu lazima itumie umeme wa sloti peke yake, yaani ule mfereji wa mazabodi unapochomeka kadi, na sloti ina ukomo wa wati 75. Kwa hiyo unatafuta GTX 1650 ile isiyo na tundu la plagi ya ziada, au RTX 3050 ya GB 6, ambayo inakula wati 70. Na hapa kuweni makini, kwa sababu kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8. Jina ni lile lile, lakini hiyo inakula wati 130 na inataka waya wake. Ukiinunua ukafika nayo nyumbani, huna pa kuichomeka.

Mtaniambia, "Kaka, si kuna adapta ya kuungia pawa saplai ya kawaida?" Zipo. Lakini ukishabadilisha pawa saplai, bado mazabodi ni la vipimo vyao wenyewe Dell, na waya wa swichi ya mbele nao ni wa kwao. Huwezi kulihamishia kwenye kasha lingine kirahisi. HP na Lenovo kwenye mashine zao za ofisini nao wana mtindo huo huo. Unapochukua mashine hizi, ichukue kwa jinsi ilivyo, uongeze RAM, uweke SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, uweke kadi ndogo, uishie hapo. Kwa watu wengi hapo panatosha kabisa, na mimi siwaonei huruma hata kidogo, wamepata mashine nzuri.

Zile nyembamba, wanazoziita slimu, mimi sizishauri kwa mtu wa gemu. Zinataka kadi fupi ambazo ni adimu na bei yake inauma.

Sasa twende dukani. Ukifika Kariakoo utaambiwa, "Hii ni Core i7, bosi wangu, moto huu." Usiishie kwenye i7, soma namba inayofuata. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Hii Dell yangu ina Core i5-8500 ya mwaka 2018, ina koo 6, yaani sehemu sita za kuchakata kazi, na i7 hiyo haifui dafu mbele yake. Zile namba za mwanzo baada ya mstari ndizo zinazotaja kizazi: 2600 ni cha pili, 8500 ni cha nane.

Nasisitiza kizazi cha nane kwa sababu Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia hapo, na inadai pia TPM 2.0, chipu ya usalama. Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana mashine za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa bei ya kutupa. Si mbovu. Ukiwa tayari kutumia Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure badala ya Windows, zitakufanyia kazi vizuri kwa miaka. Ila usiuziwe kwa bei ya kizazi cha nane.

Kwa Dell kuna kitu kimoja nakipenda mno. Tazama hii stika, kuna Service Tag, yaani kitambulisho cha mashine, herufi na namba jumla yake saba. Iingize kwenye tovuti ya Dell kwa simu yako ukiwa hapo hapo dukani. Utaona mashine ilitoka kiwandani na prosesa gani, RAM kiasi gani, lini. Kisha mwombe muuzaji kwa upole, "Kaka, niwashie nione BIOS," yaani ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla ya Windows, ubonyeze F2. Ikikudai nenosiri na muuzaji hana, iache. Hilo ni kufuli la kampuni iliyokuwa inaimiliki, na litakusumbua.

Haya, upande wa kuunga. Hapo nyuma ningewaambia wengi zaidi waunge. Kilichobadilisha hesabu ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepaa, kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya AI. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, RAM ambazo mafundi wengi tumezizoea. Ukiunga leo RAM unainunua kwa bei ya leo, wakati mashine ya ofisini inakuja nayo ndani. Tofauti hiyo si ndogo.

Lakini mashine hii ya kulia ina kitu ambacho Dell haina: kila kipande kinabadilika. Pawa saplai ni ya kawaida, kasha ni la kawaida, na hiyo 5600G ina michoro yake ndani, kwa hiyo unaanza bila kadi, ukipata hela unaongeza. Angalizo moja tu: weka RAM mbili, usiweke moja. Michoro ya ndani inatumia RAM hiyo hiyo, na kijiti kimoja kinaibana njia. GB 8 mara mbili inaipita GB 16 ya kijiti kimoja, na kwenye gemu utaiona kwa macho.

Na pawa saplai, jamani, usibane hela hapo. Zipo zilizoandikwa wati 500 ukizinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. Nyingine nyuma zina kaswichi kekundu ka 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Ikiwa imekaa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlio na harufu, na inaweza kuondoka na vitu vingine. Chungulia swichi hiyo kabla hujagusa waya. Hii Dell haina kaswichi hako, inajipima yenyewe kuanzia 100 hadi 240.

Mashine yoyote utakayochukua, tenga fungu la UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, tangu mwanzo. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo katikati ya kazi, SSD na mafaili yako ndiyo yanayolipa.

Kama kuna mashine unaiwinda, niandikie hapo chini modeli kamili, namba yote ya prosesa, na wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai. Ukiniambia "i7 ya GB 8" sitaweza kukusaidia. Ukinipa hivyo vitatu nitakuambia ni kadi gani inaingia na ipi haiingii.