Riviera Maya kwa miwani na snokeli: Akumal, Yal-Ku, Puerto Morelos na Cozumel

Hoteli za Riviera Maya, ule ukanda wa pwani ya Meksiko unaoanzia kusini mwa Cancún hadi Tulum, huuzwa kwa picha ya maji ya samawati mbele ya dirisha. Maji hayo yapo kweli, na kwa kuogelea tu yanatosha. Ila mbele ya hoteli nyingi chini ni mchanga mtupu, na samaki hawana cha kukalia hapo. Aliyekuja kwa ajili ya snokeli, yaani kuelea uso majini ukipumua kwa bomba, aihesabu hoteli kuwa kitanda na chakula, halafu apange siku zake kwa kufuata mwani na upepo.

Mwani ninaousema ni sargassum, ule wa kahawia unaoelea. Tangu 2011 umekuwa ukija Karibea kwa wingi usio wa kawaida, na pwani hii huupata zaidi kati ya Aprili na Agosti. Ukirundikana ufukweni huoza, hunuka kama yai viza, na maji ya kandokando hugeuka rangi ya chai. Hoteli huleta matrekta alfajiri, kesho yake umerudi tena. Dawa ni kubadili upande: magharibi mwa kisiwa cha Cozumel na ufukwe wa kaskazini wa kisiwa cha Isla Mujeres kwa kawaida husalimika, kwa kuwa haviuelekei upande unakotokea mwani. Upepo wa kaskazini, wenyeji wanauita norte, ni wa miezi ya baridi. Ukivuma kwa nguvu, bandari hufungwa kwa boti ndogo na safari zote hufutwa. Safari ya boti iweke siku ya pili ya likizo yako, usiiweke ya mwisho, ili ikifutwa ubaki na siku za kurudia.

Akumal ndipo ninapopapa alama za juu kabisa. Jina ni la Kimaya, maana yake mahali pa kasa. Kutoka Playa del Carmen panda colectivo ya Tulum, gari dogo la abiria linalobeba na kushusha njiani kama daladala au matatu. Mwambie dereva "Akumal", lipa kwa peso taslimu, na ukishuka barabara kuu tembea kama dakika 15 kuelekea baharini. Fika kabla ya saa 3 asubuhi. Baada ya hapo maji hutibuliwa na miguu ya watu. Eneo la kasa limewekewa maboya, na huingiwa na mwongozaji mwenye kibali na jaketi la kuokolea. Eneo la kuogelea kawaida liko kando. Njiani utapokewa na watu watakaokwambia kila kitu ni lazima ununue kwao. Omba kuona kibali, na mkubaliane bei na muda kabla hujavaa chochote.

Kasa hula majani ya bahari kwenye kina cha mita chache tu. Ukitulia juu yake utaona taya zikikata majani, wingu dogo la vumbi likipanda kila anapong'oa, na pengine chazo amenata kwenye gamba lake. Kila baada ya dakika chache hupanda kuvuta pumzi, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Humkimbilia wakiwa na kamera, naye huzama kabla pumzi haijamtosha. Kaa mita 3 hivi kutoka kwake, ubavuni, usimzibie mbele, na mapezi yatulize. Atapanda mwenyewe.

Yal-Ku ni hori lililo kaskazini kidogo mwa hapo, lina kiingilio, na watoto wanaliweza kwa kuwa halina mawimbi. Maji baridi yasiyo na chumvi hutoka chini ya mawe ya chokaa na kukaa juu ya maji ya bahari. Yanapochanganyikana, kila kitu hutetemeka kana kwamba unatazama kupitia mafuta. Wengi hudhani miwani imeshika ukungu, wanaivua na kuiosha mara tano. Miwani haina kosa: zamisha kichwa nusu mita chini ya tabaka hilo, utaona safi kabisa.

Tumbawe la Puerto Morelos ni hifadhi ya taifa tangu 1998, na liko kama mita 500 kutoka ufukweni, mbele ya mnara wa taa ulioinamishwa na kimbunga Beulah mwaka 1967. Usijaribu kuogelea mpaka huko, ni njia ya boti. Safari huchukua kama saa mbili na husimama sehemu mbili. Samaki kama pono, taa na changu ni wengi, lakini ugonjwa ulioingia mwaka 2018 umeua matumbawe mengi, hivyo usitegemee rangi za kwenye matangazo. Vifaa vya kukodi ndivyo vilivyoniudhi: mdomo wa snokeli umetafunwa, mpira wa miwani umekauka. Beba vyako. Kabla ya kununua miwani, ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika yenyewe inakufaa. Unywele mmoja au sharubu chini ya mpira vinatosha kuingiza maji, na kukaza mkanda zaidi huongeza uvujaji. Tone la shampuu ya watoto ndani ya kioo, usuuze kidogo, ukungu hauji. Mafuta ya jua acha hotelini, vaa fulana ya mikono mirefu.

Cozumel ni dakika 45 kwa feri kutoka Playa del Carmen. Maji yake ni maangavu kuliko kote nilikotaja, lakini mkondo una nguvu, kwa hiyo chagua boti inayokufuata, si inayokusubiri. Sehemu yake iitwayo El Cielo ina viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, kwenye mchanga mweupe. Usimwinue hata mmoja juu ya maji kwa ajili ya picha.

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki, viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen hukuruhusu kuingia Meksiko bila viza yake. Angalia isiishe kabla ya siku ya kuingia.