Camine Con Gusto: mazoezi yamemfaa mama mkwe, mapokezi yamenichefua

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike, lakini kwa kuwa haina dalili ya kupoa, naandika hivyo hivyo. Mama mkwe wangu ni Mmexico aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuku hapa North Carolina, kazi ya kusimama kutwa penye baridi na kisu mkononi, na sasa magoti na vidole vyake havimpi usingizi. Mke wangu ndiye aliyesikia habari za Camine Con Gusto, mpango wa kutembea wa Arthritis Foundation, shirika la Marekani linalohudumia wenye baridi yabisi, uliotayarishwa kwa Kihispania, nami kwa kuwa zamu yangu ni ya usiku nikapewa jukumu la kumpeleka.

Kuhusu mpango wenyewe sina ubishi. Wiki 6, mara 3 kwa wiki, hayo yanajulikana. Lisiloandikwa kwenye tangazo ni jinsi mwalimu wetu, mama wa Kilatino anayejitolea, alivyowatoa hofu watu walioamini kwamba goti linalouma ni la kupumzishwa tu. Aliwaeleza kwamba gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, halina mishipa ya damu, kwamba hulishwa na ute wa kiungo, na kwamba ute huo husambaa kiungo kinapotumika. Kisha akawapa kipimo rahisi: ikiwa saa 2 baada ya kutembea maumivu yamezidi yale ya mwanzo, safari ijayo punguza. Mama mkwe alikishika kipimo hicho kama sala, na haukupita muda mrefu nikamwona anapanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta. Siku ile ningeombwa maoni, ningetoa nyota zote tano na kuomba nyingine.

Sasa njooni mapokezi. Asubuhi moja, mafunzo yakiwa yamefika katikati, tulimkuta binti mgeni kwenye meza ya kituo, naye akadai kitambulisho cha jimbo na bili yenye anwani, ingawa mama mkwe alikwisha kuandikishwa na jina lake lilikuwa kwenye orodha iliyolala mbele yake. Mama akatoa kadi yake ya ubalozi mdogo wa Mexico, kitambulisho wanachopewa raia wa Mexico walio ugenini. Binti yule hakuigusa; aliisukuma kwa ncha ya kalamu hadi ukingoni mwa meza na kusema, kwa sauti ya kumsikilizisha kila aliyekuwa ukumbini, kwamba karatasi za namna hiyo hapa hazitambuliki. Kwetu Tanga mkwe humwinamia mama mkwe wake hata anapompa maji, na mimi nilisimama pale nikimtazama mzee wangu akiinama kuokota kadi kwa vidole visivyokunjika. Nyuma yetu walikuwapo wanawake wawili wenye mikongojo. Waliposikia neno kitambulisho likirudiwa, waligeuka wakaondoka, na sijawaona tena.

Nitakuwa mwadilifu: huenda binti alikuwa akitekeleza agizo la wakubwa, na mwalimu alipotoka alitupitisha na kuomba radhi kwa niaba ya wote. Lakini kadiri ninavyolifikiria ndivyo uadilifu huo unavyoniishia. Mtu anayechapisha tangazo kwa Kihispania, akaandika kwamba ni bure na kwamba wote mnakaribishwa, anajua fika anawaita watu wa namna gani na kitu gani huwatia hofu. Kuwaita hivyo, kisha kuwawekea mlinda mlango wa kudai karatasi kwa ajili ya kutembea dakika chache kuzunguka ukumbi, si uzembe mdogo.

Kwa hiyo mniwie radhi, zile nyota tano nazirudisha. Mwalimu abaki nazo zake, kituo sikipi hata moja. Aliye na mzazi mwenye baridi yabisi namshauri atafute kitabu cha mpango huu, kwa sababu unaweza kufuatwa nyumbani bila kikundi. Mama mkwe anaufuata hivyo kwa sasa, akizunguka ndani ya jengo la maduka wakati wateja bado ni wachache. Nilikiandikia kituo malalamiko, na baada ya muda barua ya kuomba radhi ilifika kwa jina la mama mkwe, ukurasa mzima, kwa Kiingereza ambacho hawezi kukisoma.