Betri za Glaida: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Glaida ya kawaida haina injini, kwa hiyo haina cha kuchaji betri angani. Redio, transponda inayojibu rada ya waongozaji, FLARM inayokuonya ndege nyingine ikikukaribia, kompyuta ya safari na kipimo cha kupanda na kushuka, vyote vinategemea chaji uliyopaa nayo. Piga hesabu kabla ya kuuliza bei. Redio ikisikiliza tu hula kama ampea 0.2, transponda 0.4, kompyuta yenye skrini kali 0.5, vingine kwa jumla 0.2. Jumla ampea 1.3. Ukikaa angani saa tano ni ampea-saa 6.5, na hapo hujaongea. Ukibonyeza kuongea, redio huvuta ampea moja au zaidi.

Namba moja ni lithiamu aina ya LiFePO4, ya volti 12.8. Wengi huipendea wepesi, maana ya ampea-saa 10 ina kama kilo 1.2 tu. Mimi naipendea volti. Hubaki karibu na 13 mpaka chaji inapokaribia kwisha, na redio inatuma kwa nguvu hata jioni unapoomba kutua, saa ambayo betri ya risasi iliyochoka hukatisha sauti katikati ya sentensi. Tatizo ni kwamba ikiisha, inaisha ghafla. Kuangalia volti hakukusaidii sana. Kwa hiyo kwa hesabu yetu ile nunua ampea-saa 10, si 7. Nunua na chaja yake, isiyozidi volti 14.6, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, maana seli huharibika moja kwa moja. Anayerukia Mweiga kule Nyeri hilo halitamsumbua. Anayelaza glaida ndani ya trela Ujerumani mwezi wa Januari aingize betri ndani kwanza.

Ya pili ni betri ya risasi iliyofungwa, AGM, ya ampea-saa 7: ileile ya UPS na ving'ora vya wezi, milimita 151 kwa 65 kwa 94. Ni rahisi na inapatikana kila mahali. Ila hizo 7 zimepimwa kwa kuitoa chaji polepole kwa saa 20. Ukiivuta ampea 1.3 hupati zote, na baridi ya juu inapunguza tena. Ukichagua hii chukua mbili na swichi ya kubadilisha, na usizoee kuimaliza kabisa, inakufa mapema.

Betri za LiPo (lithiamu-polima) za ndege za kuchezea ziache. Zikigongwa au zikichajiwa kupita kiasi zinaweza kuwaka, na moto ndani ya chumba kile chembamba sitaki hata kuufikiria. Pawabenki ibaki ya simu.

Yoyote utakayochukua, fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kama unatoa betri ya risasi ya kilo mbili na nusu na kuweka lithiamu, hasa iliyokaa mkiani, kitovu cha uzito kinahama. Fundi mwenye leseni apime na kuandika kabla hujaruka. Akague na vifungo pia, kwa sababu kwenye glaida nyingi betri hukaa nyuma ya kichwa cha rubani, na ukitua vibaya ndiyo itakayokuja mbele.