Kutembezwa magofu ya Kilwa Kisiwani, nyota 4 kati ya 5

Wa Lindi na Mtwara, mnapanda basi la Dar mnashuka Nangurukuru, hapo mnachukua gari ya Kilwa Masoko, mnakata kibali na kupewa muongozaji halafu boti. Magofu yenyewe kila mtu anayasifia, mi naongelea huduma ya kutembezwa.

Mzee aliyetutembeza anaijua kazi jamani. Nilidhani ni Gereza (ile ngome ya zamani), Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, piga picha tugeuze, kumbe yeye tumeshuka tu akatusimamisha ufukweni chini ya Gereza akatuonyesha bahari inavyokula ukingo na mikoko inavyovunja nguvu ya mawimbi, akasema anayekata mikoko hapa anabomoa ukuta huo huo mnaokuja kuutazama. Nikaelewa sasa, mana haya magofu na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yameingia urithi wa dunia 1981 ila 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mpaka 2014, na kilichokua kinayamaliza zaidi ni mvua na mawimbi.

Ndo mana eneo la kinga, yani ukanda unaozunguka magofu, ni muhimu sana, watu wanasikia eneo la kinga wanajua ni kufukuza wanakijiji, hapana, wanakijiji wapo na wao ndo walinzi wa kwanza, ishu ni kwamba ukitaka kujenga au kukata miti jirani na magofu iangaliwe kwanza kama itayaumiza. Hata ukarabati una utaratibu, kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukiziba kwa saruji inafungia maji ndani na jiwe linaoza taratibu.

Husuni Kubwa msiikose, jumba la Sultan al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, bwawa lake la pembe nane bado lipo!! Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 enzi za huyo huyo sultani.

Nyota moja nimeitoa kwasababu maboya kwenye boti hayakutosha watu wote, na kuna kundi jingine tulilikuta wamepanda juu ya ukuta wanapiga selfi na muongozaji wao ndo kashika simu, iliniuma kwakweli, hizo kuta hazina spea.

Mkienda muombeni muongozaji aanze na ufukweni, vaeni viatu vya kufunika, bebeni maji ya kutosha. Songo Mnara ipangieni siku yake, ni mbali zaidi kwa boti.