Siku tatu bila kifutio: tathmini ya warsha ya uchoraji wa wino

Nimechora picha za vitabu vya watoto kwa miaka 11, na miaka 8 ya mwisho sijagusa brashi. Kazi yangu yote iko kwenye tableti. Mstari ukiharibika, unagonga kioo kwa vidole viwili, unafutika, unapiga mwingine. Asubuhi ya kwanza ya warsha hii mstari wangu wa tatu ulipinda, na kabla sijajua ninafanya nini, vidole viwili vilikuwa vimeshagonga karatasi. Mstari ukabaki pale pale. Mwalimu aliona. Hakusema neno. Aliniwekea karatasi mpya, na ile iliyoharibika akaikunja taratibu akaiweka kwenye sanduku lake. Siku ya tatu aliitoa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika tathmini hii.

Mwalimu ni mama wa Kijapani wa makamo, mchoraji wa sumi-e, yaani uchoraji wa wino mweusi na maji. Hana shule wala studio ya kupokea wanafunzi. Anasafiri na sanduku moja, anakaa mahali siku tatu, anafundisha watu ambao tayari wanaishi kwa kazi ya ubunifu, kisha anakwenda kwingine. Tulikuwa 14: mfinyanzi, mshonaji wa magauni ya harusi, mpiga picha, mshairi, mchora mabango mzee aliyeanza kazi hiyo kabla ya mashine za kuchapa kuenea, na wengine wa fani mbalimbali. Hakuna aliyewahi kushika brashi ya namna ile. Ukiitazama unaona mpini wa mwanzi na nywele zilizochongoka. Ukiilowesha unaona tumbo lake linavyovimba na kubeba maji, huku ncha ikibaki kali kama sindano.

Saa nzima ya mwanzo hatukuchora chochote. Tulisaga wino. Kuna jiwe la kusagia lenye sehemu mbili, uwanda ulio bapa na shimo la maji, na Wajapani huliita shimo hilo bahari na uwanda huo nchi kavu. Unadondoshea maji kidogo kwenye nchi kavu, unashika kijiti cha wino wima, unakizungusha bila kukandamiza, kisha unayasukuma maji yaliyokoza yateremke baharini. Kijiti hicho ni masizi yaliyokandwa na gundi ya wanyama, na hutiwa kitu cha kunukia, kwa hiyo kadiri unavyosaga ndivyo chumba kinavyojaa harufu inayokaribia kafuri. Mji wa Nara ndio unaojulikana kwa vijiti hivi Japani, na huko hutengenezwa miezi ya baridi kwa sababu gundi huharibika kwenye joto. Mwalimu alituonya tusikiache kijiti kimelala juu ya jiwe lenye maji hata kwa muda wa kunywa chai. Gundi ikikauka, kijiti kinang'ang'ania, na ukikivuta kinaondoka na kipande cha jiwe.

Baadhi yetu tulichoka mapema. Mpiga picha aliuliza kwa nini tusitumie wino wa chupa, na mwalimu akamjibu kwamba chupa anayo, tena nzuri, lakini mkono uliosaga dakika ishirini hauwi mkono ule ule uliotoka kuendesha gari. Nilipopiga mstari wangu wa kwanza nilimwelewa. Bega lilikuwa limeshuka.

Sasa nisimulie somo lililonishika kuliko yote, kwa sababu wengi wanaona picha hizi wakadhani rangi ya kijivu inatoka kwenye chupa tofauti. Wino ni mmoja. Unalowesha brashi yote kwa maji safi, unaikausha kidogo kwenye kitambaa. Unaichovya kwenye wino mwepesi hadi shinani. Kisha wino wa wastani, hadi nusu ya nywele. Mwisho ncha peke yake inagusa wino mzito, kugusa tu. Sasa brashi moja imebeba ngazi tatu za weusi. Ukiisimamisha wima unapata mstari wa kawaida. Ukiilaza ubavu na kuivuta, inatoka alama pana iliyo nyeusi upande mmoja na inayofifia hadi kuwa kama moshi upande wa pili, kwa mpigo mmoja. Hivyo ndivyo shina la mwanzi linavyopata uviringo bila mtu kuweka kivuli. Mimi kwenye tableti kivuli cha namna hiyo kinanichukua tabaka nne.

Mwanzi wenyewe unaanzia chini kwenda juu, jinsi unavyoota. Unakandamiza, unasukuma, unatulia, unanyanyua. Unaacha upenyo mdogo, pingili inayofuata inaanzia hapo. Ule upenyo mweupe ndio fundo, na baadaye unaukazia kwa alama ndogo ya wino mzito kabla shina halijakauka kabisa. Ukichelewa, fundo linakaa juu ya shina kama kitu kilichobandikwa. Ukiwahi, linasambaa na kupotea. Nilirudia mianzi 31 siku ya pili, nikahesabu. Wa 26 ndio niliouweka. Jambo jingine la kujua ni kwamba wino ukikauka unapungua weusi, kwa hiyo kinachoonekana kizito mno kikiwa kibichi mara nyingi ndicho kilicho sawa.

Katikati ya zoezi mshonaji alikosea jani, akataka kulipitia tena, na mchora mabango akamwambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki." Mwalimu aliomba atafsiriwe maneno hayo, akayaandika kwenye daftari lake. Karatasi yenyewe inayathibitisha. Wachina wana karatasi mbichi na karatasi iliyoiva. Iliyoiva imetiwa shabu, hainywi, unaweza kuchora vitu vidogo vidogo kwa utulivu. Mbichi inakunywa kila tone papo hapo, na ukipita mara ya pili juu ya mpigo, ule wa kwanza unaonekana chini yake milele. Tulitumia mbichi, aina ya Xuan, inayotoka wilaya ya Jing mkoani Anhui na kutengenezwa kwa gome la mti pamoja na mabua ya mpunga. UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2009. Ukiisugua kati ya vidole, huisikii ikinguruma kama karatasi ya ofisini. Ni laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Kasoro zipo, na nitazisema wazi. Mawe ya kusagia yalikuwa 7 kwa watu 14. Katika kazi ambayo kusaga ndiko kunakokutuliza, kumsubiri jirani amalize kunakurudishia ile haraka uliyotakiwa kuiacha. Walioandaa walijua idadi yetu wiki mbili kabla. Karatasi pia zilipimwa: 20 kwa kila mtu kwa siku, na siku ya pili wengi wetu tulimaliza kabla ya adhuhuri tukaanza kugeuza upande wa pili. Mianzi yangu 31 ilipatikana hivyo. Na mkalimani, kijana mwenye adabu sana, hakuwa amepewa nafasi ya kuzoea maneno ya sanaa. Alasiri ya siku ya kwanza alituambia "mwalimu anasema mistari yenu haina mifupa", akanyamaza, naye akionekana hajui anamaanisha nini. Tukatazamana. Ilibidi mwalimu mwenyewe azunguke meza hadi meza, amshike kila mtu kiwiko, amwonyeshe kwamba nguvu ya mstari inatoka kwenye mkono mzima na inapita katikati ya alama, isiishie kwenye ncha za vidole. Baadaye nilifahamu kuwa neno hilo ni la kale: Xie He, mhakiki wa Kichina wa karne ya 6, aliweka utumiaji wa brashi kwa mbinu ya mfupa kuwa kanuni ya 2 kati ya kanuni zake 6. Jambo zito kama hilo lilistahili dakika kumi za maelezo. Tulilipata kwa kubahatisha.

Lakini siku ya tatu ilinilipa yote. Mwalimu alitaka kila mtu alete kazi yake mwenyewe. Mfinyanzi alileta vigae visivyotiwa king'arishi, na udongo mkavu ukanywa wino kwa pupa hata kuliko karatasi, kiasi kwamba alilazimika kupiga jani kwa pumzi moja. Mshonaji alitandika hariri iliyobaki kwenye gauni. Mshairi aliandika neno moja tu, akalirudia ukurasa mzima hadi likaacha kuwa herufi. Mchora mabango alifungua mkoba wake wa brashi bapa, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyelipwa kufundisha. Mwalimu alivuta kiti, akaketi upande wa mwanafunzi, akamwomba mzee amfundishe kuvuta herufi ya bango kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa nguzo. Alikosea mara nyingi. Mzee alimsahihisha kwa heshima, "Hapana mama, tuliza kifundo, bega ndilo liende." Ilichukua karibu saa nzima, na sisi wengine tuliendelea na kazi zetu bila kuona tumeibiwa muda.

Jioni hiyo alitutandikia nakala ya mandhari ya Sesshū, mchoraji wa kale wa Kijapani, ya mwaka 1495, ile ya wino uliorushwa, ambayo asili yake iko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Ukiiangalia haraka ni madoa. Ukikaa nayo, doa jeusi linakuwa mwamba, mistari miwili inakuwa paa, na chini pana mtumbwi. Sesshū aliichora akiwa mzee, akampa mwanafunzi wake Sōen aliyekuwa anaondoka, na juu yake akaandika kwamba aliwahi kusafiri hadi China, akataja aliojifunza kwao huko, na akasema ni baada ya kurudi ndipo alipoelewa ukubwa wa mabingwa waliomtangulia nyumbani, Josetsu na Shūbun. Mwalimu wetu alitusomea hayo kwa sauti ya chini. Kisha akasema kwamba daftari lake ni kwa ajili hiyo hiyo, kuandika majina ya waliomfundisha njiani. La mzee wa mabango lilikuwa limeshaandikwa.

Ndipo akafungua sanduku na kutoa karatasi yangu ya siku ya kwanza.

Mstari wangu uliopinda ulikuwa bado mbaya. Alinipa brashi, akaniambia nisiufute wala nisiufunike, niujibu. Katika kuchora okidi, jani la kwanza ni mpinde mrefu. La pili linalikata la kwanza na kuacha katikati nafasi inayoitwa jicho la feniksi, ndege wa hekaya. La tatu linapita katikati ya jicho na kulivunja. Nilipiga la pili. Jicho likatokea. Nilisita kidogo, brashi ikaanza kudondosha, nikapiga la tatu, na ule mpindo niliouonea aibu siku mbili nzima ukawa ndio unaolipa kichaka uzito wake. Machozi yalinilengalenga. Miaka yote hii nimekuwa nikifuta mistari ambayo huenda ilikuwa inangoja kujibiwa tu, na hata sasa nikiwa kazini najizuia kidogo kabla ya kugonga kioo.

Je, ninaipendekeza? Ndiyo, kwa moyo wote, kwa yeyote anayefanya kazi ya mikono au ya kubuni na anayehisi kazi yake imekuwa safi kupita kiasi. Anayetaka kutoka na picha za kutundika ukutani atasikitika. Mimi nilitoka na mbili tu. Mwenye maumivu ya kifundo aseme mapema, kwa sababu kusaga na mianzi vinachosha, ingawa mwalimu ana namna ya kukaa inayosaidia. Mimi natumia mkono wa kushoto na sikuona tatizo lolote, ila nililazimika kulihamishia jiwe upande wangu kila mara, kwa kuwa meza zilipangwa kwa wa kulia.

Ukipata nafasi, usikose asubuhi ya siku ya kwanza hata kama wanakuambia ni maandalizi tu. Waliochelewa hawakuwahi kusaga ipasavyo na ilionekana hadi mwisho. Nenda na vitambaa viwili vya pamba vilivyochakaa, kimoja cha kukaushia brashi na kimoja cha mikono, maana vilivyotolewa vilikuwa vipya na havinywi maji. Nunua karatasi zako mwenyewe za mazoezi, hata za kawaida, uzipeleke siku ya pili. Na brashi utakayopewa kwenda nayo nyumbani, ioshe kwa maji ya baridi bila sabuni hadi shinani kabisa, kwa sababu wino unaobaki pale huzitawanya nywele na ncha hairudi tena. Itundike kichwa chini. Yangu iko dirishani, na kila asubuhi kabla ya kuwasha tableti naishusha, nasaga kidogo, napiga mwanzi mmoja.