Konekta za kuunganishia nyaya za soketi: yaliyonikuta jikoni kwangu Uyole

Mwezi wa saba huku Uyole hakuna anayeoga maji ya baridi kwa hiari. Kwangu birika la umeme linaanza kazi saa kumi na moja alfajiri: kwanza maji ya mtoto anayewahi shule, halafu ya mama mkwe, halafu chai. Asubuhi moja ya baridi kali mama mkwe akaniita toka sebuleni, "Mwanangu, unakaanga samaki saa hizi?" Ndani hapakuwa na samaki wala dagaa. Nilifuata ile harufu hadi kwenye soketi ya birika. Nilipogusa kifuniko nikarudisha mkono haraka, maana kilikuwa cha moto, na pembeni ya tundu moja plastiki ilishaanza kuwa ya kahawia.

Kama hujui, lijue hili: plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto kupita kiasi mara nyingi hunuka kama samaki. Ukisikia harufu hiyo na jiko halijawashwa, zima meni swichi kwanza, kutafuta baadaye.

Fundi jirani alikuja mchana. Alizima, akapima kwa testa, akafungua. Wakati wa kuweka vigae ukutani nyaya zilikatwa zikabaki fupi, hazizidi vidole vinne, hivyo aliyefunga soketi akaunga vipande. Aliungaje? Alisokota shaba kwa plaizi na kuzungushia tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikanata kama lami, na shaba ndani imekuwa nyeusi.

Nikamuuliza mbona breka haikukata. Jibu lake ndilo lililonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9. Jointi ikilegea haiongezi ampea, inaongeza ukinzani (ugumu wa umeme kupita) pale pale ilipo, na ukinzani huo ndio unaozaa joto. Breka ya ampea 20 haioni kosa lolote. Shaba nayo hutanuka kila maji yanapochemka na kusinyaa ikipoa, kwa hiyo jointi mbovu huzidi kulegea kila siku.

Tulianza na konekta ya kawaida, ule ukanda mweupe wenye skrubu mbili kila tundu, nilionunua Mwanjelwa. Siidharau. Ila angalia ukubwa wake: zipo za ampea 5, za 15, za 30, na ukizitazama haraka dukani zote zinafanana. Ile ndogo ni ya taa, usiiweke kwenye soketi. Sisi tuliweka ya 30. Nyaya zangu ni za milimita za mraba 2.5 za nyuzi saba, na skrubu ilipokaza, uzi mmoja ulichomokea pembeni. Fundi akafungua, akasokota upya, akakunja ncha mara mbili ndipo ikashika vizuri. Shida ya pili ni nafasi. Boksi letu ni la kina kifupi, na konekta tatu za ampea 30 nyuma ya soketi zilifanya kifuniko kisukumwe kwa nguvu. Nyaya kubanwa hivyo sikupenda. Miezi kadhaa baadaye fundi alipokagua, skrubu moja ilikubali kuzunguka nusu mzunguko. Haikuwa imeungua, lakini mimi sikulala vizuri.

Ndipo nikahamia zile za kibano chenye mkono, WAGO 221. Unamenya waya milimita 11, unainua mkono, unaingiza waya hadi mwisho, unashusha. Mwili wake unaonyesha ndani, kwa hiyo unahakikisha kwa macho kwamba shaba imefika na hakuna uzi uliobaki nje. Inapokea waya wa nyuzi nyingi na wa uzi mmoja, hadi milimita za mraba 4, na imeandikwa ampea 32 na volti 450. Tulitumia tatu: laivu (waya unaoleta umeme), nyutro (unaorudisha) na ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Ni ndogo, soketi ikakaa ukutani bila kulazimishwa. Nikavuta kila waya kwa mkono wangu mwenyewe, haukutoka. Zina zaidi ya mwaka sasa, na kifuniko baada ya mabirika matatu mfululizo ni baridi kama ukuta.

Ubaya wake ni bei, na si kila duka wanazo. Duka la kwanza waliniuzia zinazofanana nazo, hazina jina wala ampea, na waya ulichomoka nilipovuta kidogo tu. Usinunue konekta isiyo na maandishi mwilini. Zile za kuchomeka tu bila mkono nyingi ni za waya mgumu wa uzi mmoja, kwa hiyo kwa nyaya kama zangu niliziacha.

Konekta nzuri haiponyi shaba iliyoungua, hilo nalo nililiona. Fundi alikata hadi kwenye shaba inayong'aa, akavuta waya kidogo toka kwenye bomba la nyaya ukutani ndipo ukatosha, na soketi yenyewe tukatupa. Kama nyaya zako zinafika, usiweke konekta kabisa: soketi ina nafasi ya kuingiza waya unaokuja na unaoendelea kwenye skrubu moja, na hapo umepunguza sehemu ya kulegea.

Dari la sebuleni kwangu bado lina jointi ya yule fundi wa mwanzo, na tepu yake ni ile ile nyeusi. Nimeshanunua tatu nyingine. Jumamosi jirani anakuja na ngazi.