Oswin, Wallace na Gilliam: uzoefu wangu na askari wa deraya kwenye Fire Emblem

Oswin, askari wangu wa deraya (vazi la chuma) kwenye gemu la Fire Emblem, alinifia mara moja tu, na ilikuwa ndani ya kivuko cha Kamanga, katikati ya ghuba, tukielekea upande wa Sengerema. Nilimpeleka mbele akazibe upenyo wa ukuta kama nilivyozoea, bila kuangalia kwanza adui wameshika silaha gani. Mmoja wao alikuwa na Armorslayer, upanga uliotengenezwa kwa ajili ya kupasua deraya. Pigo lake likala zaidi ya nusu ya uhai, mchawi aliyekuwa nyuma yake akamalizia. Kwenye gemu hili aliyekufa harudi. Sura inayofuata unaingia bila yeye, na inayofuata hiyo pia. Nikafunga mashine, nikakaa kuangalia maji mpaka tukafika.

Sura tatu zilizofuata ndizo zilizonionyesha kazi aliyokuwa akinifanyia. Niliwapoteza watu wengine wawili, wote wakiwa wamesimama mahali ambapo zamani angesimama yeye. Nikarudi mwanzo kabisa, nikaanza safari upya. Maoni haya nayaandika baada ya kuimaliza safari hiyo ya pili, pamoja na gemu ndugu yake, The Sacred Stones, niliyoicheza baadaye. Nazungumzia askari wa deraya tu, maana kila ninapokutana na mchezaji mwenzangu hapa Mwanza nasikia neno lilelile: hao wazito waache kambini, chukua farasi.

Kwa asiyelijua, Fire Emblem ninayoisema ni ile ya Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi, iliyotengenezwa na Intelligent Systems na kutolewa na Nintendo. Japani ilitoka Aprili 2003, Marekani Novemba mwaka huohuo. Mfululizo wenyewe ulianza Japani mwaka 1990, lakini hii ndiyo ya kwanza kuuzwa nje ya nchi hiyo. Unaongoza kikosi kidogo kwenye ramani ya miraba, zamu yako kisha zamu ya adui, na kila askari ana jina, sura na maneno yake.

Mimi nacheza kwenye Game Boy Advance SP ya mtumba, ile inayojikunja. Kioo chake kina mwanga wake na betri inachajiwa, kwa hiyo umeme ukikatika kwetu Mabatini usiku mimi naendelea. Kitu kingine kilichonifaa ni kwamba gemu linajihifadhi lenyewe katikati ya vita. Zamu za kivuko hazitoshi kumaliza ramani moja, basi nazima tukifunga gati, naendelea wakati wa kurudi. Ila muwe makini na kaseti. Ya kwanza niliuziwa bandia kwenye duka moja la mjini, ikafuta safari yangu yote baada ya wiki mbili, na muuzaji akakataa kunirudishia hela. Hii ninayotumia sasa aliniletea mjomba, halisi, na haijawahi kunisumbua.

Sasa turudi kwa Oswin. Yeye ni mtumishi wa nyumba ya watawala wa Ostia, mtu wa Hector, mmoja wa viongozi watatu wa hadithi, na anaingia mapema safari ya Hector ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Anakuja leveli ya 9, uhai 28, nguvu 13, ulinzi 13, kasi 5. Watu wanaiona ile 5 wanamkataa hapohapo. Ngoja tupige hesabu, maana gemu hili halifichi hesabu zake: unachukua nguvu ya anayepiga, unajumlisha ukali wa silaha, unatoa ulinzi wa anayepigwa.

Chukua jambazi mwenye nguvu 6 na shoka la chuma lenye ukali 8. Jumla 14. Shoka linaushinda mkuki kwa kanuni ya silaha tatu (upanga hushinda shoka, shoka hushinda mkuki, mkuki hushinda upanga), kwa hiyo anaongezewa 1 dhidi ya Oswin. Kumi na tano toa 13, zinabaki 2. Mwite jambazi huyohuyo ampige Eliwood, kiongozi wa pili wa hadithi: anaanza na uhai 18 na ulinzi 5. Upanga wake unampa nafuu ya 1, lakini bado anaumia 8. Mapigo matatu na hadithi imekwisha. Oswin anahitaji mapigo 14 ya namna hiyo ndipo aanguke, na hapo amesimama kwa silaha isiyomfaa. Mpandishe kwenye ngome ndogo inayoongeza ulinzi 2, jambazi yule hamtoi hata tone.

Ndiyo maana kasi yake ndogo hainitishi. Adui akimzidi kasi kwa 4 anampiga mara mbili, ni kweli. Mara mbili ya 2 ni 4. Mara mbili ya 8 anayopata Eliwood ni 16.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wengi hawaliangalii, nalo ni ukubwa wa mwili. Silaha ikiwa nzito kuliko mwili wa aliyeishika inampunguzia kasi. Oswin ana mwili 14. Mkuki wa kurusha una uzito 11, mkuki wa feleji 13. Vyote anavibeba bila kupungua chochote. Mpe mkuki wa kurusha umsimamishe kwenye mlango, kisha maliza zamu yako. Wapiga mishale wanajaribu, anawarudishia. Wa shoka wanakuja, anawarudishia. Zamu ikirejea kwako unakuta nusu ya kazi imefanyika na wewe hukugusa kitu.

Hoja ya mwendo naikubali, maana ni ya kweli. Oswin anatembea miraba 4 kwa zamu, wapanda farasi wa kawaida 7, na Marcus, paladini unayepewa mapema kabisa, 8. Mdogo wangu, ambaye ndiye mbishani wangu mkuu katika mambo haya, ananiambia, “Kaka, huyo mtu wako akifika vita vimeshakwisha, wenzake wanafunga mizigo.” Kwenye ramani za uwanda mpana ana haki. Kwenye ile ya jangwani ndiyo usiseme, mchanga unamfanya Oswin atambae, na pale hata mimi humwacha nyumbani.

Lakini gemu lina dawa yake, na hii niligundua mwenyewe kwenye safari ya pili. Askari anaweza kumbeba mwenzake iwapo uwezo wake wa kubeba unafikia mwili wa anayebebwa. Florina, yule msichana mwoga mwenye farasi wa mbawa, ana uwezo wa 16. Mwili wa Oswin ni 14. Yaani binti mdogo anamnyanyua mwanamume aliyevaa chuma mwili mzima na kumrusha juu ya mto na milima! Akiwa amembeba, kasi na ustadi wa Florina vinapungua nusu, kwa hiyo usimpitishe karibu na wapiga mishale. Anamshusha mahali panapotakiwa, Oswin anasubiri zamu inayofuata ndipo ajongee. Sisi tunaovuka ziwa kila wiki hatuhitaji kufundishwa hili: lori la tani nyingi halijui kuogelea, na linafika ng'ambo kila siku.

Na zipo ramani ambazo mwendo hauna maana. Sura ya Pirate Ship yote inapiganwa juu ya sitaha ya meli. Kwenye njia ya Hector kuna sura ya kulinda kiti ndani ya kasri. Mahali kama hapo huendi popote, adui ndio wanaokufuata, na nafasi ni finyu. Oswin mmoja anaziba njia nzima.

Wengine wataniuliza, kwa nini nisimtumie Hector mwenyewe? Ulinzi wake una nafasi ya asilimia 50 ya kupanda kila leveli, nguvu 60, na anatembea miraba 5. Nakiri Hector ni bora kwa takwimu. Tatizo ni kwamba Hector ni kiongozi, na kiongozi akifa gemu linakwisha palepale. Siwezi kumsimamisha kwenye upenyo nisioujua, ambapo adui wapya wanaweza kutokea nyuma. Oswin naweza. Ninachofanya ni kuwaweka jirani zamu nyingi, Oswin mbele na Hector bega kwa bega naye, mpaka wanafungua mazungumzo yao na kupeana nguvu. Mazungumzo hayo ya bwana mdogo na mtumishi aliyemlea kwa maneno makali ni kati ya vitu ninavyovipenda zaidi katika gemu zima.

Wallace sasa. Ukimtazama kwa macho utasema ni ndugu wa Oswin: deraya ileile, mkuki uleule, miraba 4 ileile. Ni mkongwe wa jeshi la Caelin, anaingia kwenye sehemu ya kwanza ya hadithi, ile ya Lyn, kiongozi wa tatu. Anakuja wakati sehemu hiyo inakaribia kwisha. Zimebaki sura chache, hujamkuza ipasavyo, anapotea. Anarudi mbali sana mbele, tayari amepandishwa cheo kuwa Jenerali, na hata hapo si lazima umpate, maana gemu linaweza kukupa Geitz wa mashoka badala yake kufuatana na ulivyocheza.

Nampenda Wallace kama mtu. Ana sauti kubwa na moyo mkubwa. Ila nafasi ya ulinzi wake kupanda ni asilimia 35, ya Oswin 55. Kasi 20 dhidi ya 30. Na hata kama takwimu zingelingana, bado ningemchagua Oswin, kwa sababu deraya ina thamani kubwa mwanzoni, wakati wengi wa wenzako wana ulinzi mdogo na shoka la jambazi ni kifo. Huku mwishoni, anakorudi Wallace, wachawi ni wengi zaidi, na uchawi haupimwi kwa ulinzi wa chuma, unapimwa kwa ukinzani. Oswin mwenyewe anaanza na ukinzani 3. Mimi humpa dawa ya Pure Water, inayomwongezea 7 kisha inapungua 1 kila zamu, nikijua wachawi wako mbele. Kwa Wallace sikuwahi kupata sababu ya kuitumia.

Gilliam ndiye mtu wa mdogo wangu. Yumo kwenye The Sacred Stones, iliyotoka Japani Oktoba 2004 na Marekani Mei 2005. Anajiunga mwanzoni kabisa, leveli ya 4, ulinzi 9, kasi 3. Nafasi zake za kukua zinafanana mno na za Oswin: uhai 90 na 90, ulinzi 55 na 55, kasi 30 na 30, nguvu 45 akimpita Oswin mwenye 40. Kwa karatasi ni mtu yuleyule. Nilipomcheza sikuhisi hivyo. Gemu lile linakupa Seth tangu mwanzo, paladini mwenye kasi 12 na ulinzi 11, naye anaweza kuzimaliza ramani za kwanza karibu peke yake. Gilliam anafika mlangoni, anakuta mlango umeshafungwa na mtu mwenye farasi.

Hata hivyo ana kitu ambacho Oswin hana, nacho ni uchaguzi. Wakati wa kupandishwa cheo Oswin anakuwa Jenerali tu, anaongeza shoka na mraba mmoja wa mwendo. Gilliam anaweza kuwa Jenerali mwenye Great Shield, ustadi unaoweza kufuta pigo lote lisimguse, au akawa Great Knight juu ya farasi wa deraya mwenye miraba 6. Mdogo wangu huchagua farasi kila mara. Mimi nilijaribu zote mbili, na kwenye Great Knight nilijutia: silaha za kupasua deraya zinamuumiza, na za kuua farasi zinamuumiza vilevile. Miraba 6 haikunilipa kwa udhaifu wa pande mbili. Jenerali ndiye aliyenifaa, hasa kwenye mapango yenye njia nyembamba.

Kwenye gemu hilohilo Amelia anaweza naye kuvikwa deraya, na kwa kasi ya asilimia 40 na bahati 50 anakuwa Jenerali mwepesi kuliko wote niliowataja. Lakini anaanza kama mwanafunzi asiyejua kitu, na kumlea kunakula muda ambao mimi, mwenye zamu za kivuko tu, sina. Mwenye muda amlee, hatajuta. Duessel anakuja ameshaiva, ulinzi 17, na simwoni kama ushindani wa haki na hawa wengine.

Kama una nafasi moja tu ya mtu wa chuma kikosini, mpe Oswin. Gilliam namweka wa pili kwa umbali usio mkubwa, na Wallace wa tatu.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu aliniomba SP tukiwa tumekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, umeme umekatika. Alianza safari ya Hector upya. Alipopewa Oswin hakusema kitu. Aliweka kishale juu ya kila adui mmoja mmoja, akasoma silaha zao zote, kisha akampeleka mbele miraba 4.